Mwenye Laini

Mwaka ule wa uchaguzi nilikuwa nikiishi Kawangware na kaka yangu, katika chumba kimoja cha mabati tulichokigawa kwa leso mbili zilizoshonwa pamoja. Mimi nilishona sare za shule. Yeye alikuwa fundi wa redio. Kabla ya redio alikuwa amefanya kibarua miaka minne kwa mkandarasi wa nyaya za simu, akichimba mitaro na kupanda nguzo, hadi simu za mkononi zilipoenea na mkandarasi akafunga kazi. Kaka alirudi nyumbani na buti, mkanda mpana wa ngozi, na kitu kimoja alichokiweka chini ya kitanda ambacho sikuwahi kukiulizia.

Kilikuwa mkono wa simu ya zamani, mweusi, mzito kama pasi ya makaa. Waya wake haukuingia kwenye simu yoyote. Uliishia kwa vibanio viwili vya chuma vyenye meno. Ubavuni kaka alikuwa ametoboa tundu akatia kitufe cha kengele ya mlango. Hakukuwa na namba popote. Siku aliponionyesha alisema, "Namba ziko kwa kidole." Ukitaka tatu, unagonga kitufe mara tatu. Ukitaka saba, mara saba. Sifuri ni kugonga mara kumi, na lazima ugonge kwa mwendo mmoja, bila haraka na bila kusita, la sivyo unampata mtu usiyemjua.

Mama yetu aliishi Kibera, upande wa Silanga, karibu na bwawa, ambapo alipanda sukuma wiki na kuiuza kando ya njia. Siku ya kawaida ungetoka kwetu ukafika kwake kwa miguu kabla chai ya asubuhi haijakutoka tumboni. Krismasi ile watu wengi wa kwetu walikuwa wamesafiri Kitui. Mama alikataa. "Mboga hazijui Krismasi," alisema. Tukamwacha hapo, ameinama kati ya matuta yake, mkono mmoja kiunoni.

Matokeo yakatangazwa. Sitaeleza yaliyofuata, aliyekuwepo anayajua, na asiyekuwepo amekwisha kusimuliwa. Nitasema tu jinsi siku zile zilivyokuwa, kwa sababu hazikufanana na siku nyingine nilizowahi kuishi. Maduka yalifungwa, magari yakapotea, na barabara kuu ikawa nyeupe na tupu hadi kuku wakawa wanaivuka bila kutazama. Jua la Januari lilikaa juu ya mabati na moshi wa mbali ukalipa rangi ya chai ya maziwa. Watu walizungumza kwa sauti ya chini hata mchana. Kuna wakati nilikuwa nikiketi mlangoni na sindano mkononi nisijue kama nimeshona au nimewaza kushona. Kadi za kredo, za kuongeza pesa kwenye simu, ziliisha madukani, na simu yangu ya mkononi ikawa saa tu. Nilijua ni saa ngapi, lakini sikujua kama mama yangu yuko hai.

Siku ya tatu kaka alivuta ule mkono wa simu chini ya kitanda, akautia ndani ya mfuko wa unga, akasema, "Twende mtoni."

Ule hauwezi kuitwa mto kwa kweli. Ni kijito kinachoitenga Kawangware na nyumba za watu wenye nafasi. Upande wetu palikuwa na mahali pa kuuza mbao, pamefungwa, na nyuma yake ilisimama nguzo ya simu yenye kisanduku cha chuma usawa wa kifua. Nyaya zilitoka hapo zikavuka maji na kupotelea kwenye miti ya upande wa pili. Ilikuwa karibu saa sita mchana. Kaka alifungua kisanduku kwa bisibisi, akawa anauma waya mmoja mmoja kwa vile vibanio, akisikiliza, akitikisa kichwa. Nyingi zilikuwa zimekufa. Halafu akatulia. Akanipa.

Nilisikia mlio mmoja mrefu, laini, usio na mwanzo wala mwisho, na nyuma yake mvumo kama wa mvua inayonyesha mahali pengine. Baada ya siku tatu za kutosikia chochote kutoka kokote, nilitaka kuusikiliza tu huo.

"Ni ya nani?" niliuliza.

"Wenyewe wamesafiri. Hizo nyumba zote zimefungwa."

"Umejua aje?"

"Nafikiria tu."

Nilikuwa na namba ya zahanati moja ya Silanga, iliyoandikwa nyuma ya kadi ya mama ya presha. Ilikuwa na sifuri mbili. Kaka aliigonga, akakosea. Akaigonga tena, akakosea. Mara ya tatu ikaita, na mwanamume akaitika, mlinzi wa pale, ambaye ndiye peke yake aliyekuwa amebaki.

Nilimwuliza kuhusu mama wa sukuma, yule mrefu, wa Kitui, anayevaa kofia ya sufu hata kukiwa na joto.

"Huyo namjua," alisema. "Hajaonekana tangu Jumapili. Ule mstari wao wa nyumba uliungua, dada."

Kaka alikuwa ananitazama, na nikaona uso wake ukibadilika kwa kuutazama wangu. Mlinzi alisema, "Haloo? Haloo?" Ndipo sauti nyingine ikaingia, sauti ya mwanamke mzee, taratibu, karibu sana, kana kwamba ameketi ndani ya sikio langu.

"Usikate, kijana. Watu wa huo mstari walielekea wapi?"

Mlinzi hakushangaa, nadhani alidhani niko naye. Alisema wengine walikwenda uwanja wa maonyesho, wengine kanisani kule Kianda, na wengine wamefichwa Kambi Muru, hapo hapo jirani.

"Basi ukipata nafasi uulize Kambi Muru na Kianda. Mama wa mboga, mrefu, kofia ya sufu. Nitajie tena namba yenu, nami nitakupigia kesho asubuhi. Umenisikia?"

"Nimesikia, mama," alisema, akaitaja namba.

Mlinzi akakata. Tukabaki wawili kwenye waya. Kaka alinionyesha kwa mkono nikate, lakini sikuweza. Nikauliza, "Wewe ni nani?"

"Mimi ndiye mwenye laini," alisema.

Nilianza kuomba msamaha, maneno yakikanyagana, kwamba tulidhani hakuna mtu. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akasema kwamba kila kaka alipogonga kitufe kile, kengele ya simu yake ililia kidogo, ti ti ti, kama kifaranga ndani ya sanduku. Mara ya kwanza alidhani ni panya. Mara ya pili alisali. Mara ya tatu aliinua mkono wa simu akasikiliza.

"Mlinzi wangu alienda kwao kabla ya kura. Msichana wa kazi pia. Niko peke yangu tangu Krismasi, na tangu jana hakuna aliyenisemesha," alisema. "Itumieni. Lakini saa nane mchana niachieni laini. Binti yangu yuko Eldoret. Hupiga saa nane, kutoka kwa ofisi ya shule anakofundisha. Hana njia nyingine."

Nilimwahidi. Kaka naye aliinama karibu na mkono wa simu akasema, "Tumesikia, mama."

Kesho yake tulirudi saa nne. Kaka alipobana waya hatukuwahi hata kugonga. Tulimkuta tayari yuko hapo.

"Mama yako ni mzima," alisema. "Yuko Kambi Muru, kwa mwanamke wa kutoka mkoa wa Magharibi anayeuza makaa. Wanauza pamoja, anasema mlinzi wa zahanati. Amemficha nyuma ya magunia." Nadhani alijua singeamini hivi hivi, kwa sababu aliendelea: "Nilimwambia huyo mlinzi, nipe neno ambalo mtoto wake atalijua. Basi mama yako amesema hivi. Umalize kola za sare kabla shule hazijafunguliwa, na usizipige pasi yenye moto mwingi kama mwaka jana."

Nilikaa chini kwenye vumbi la mbao. Nilicheka, na kaka akaniuliza kuna nini, na nilipomwambia naye akakaa chini. Tuliketi hapo wawili, ule mkono wa simu ukining'inia kwenye waya wake na sauti ndogo ikitoka ndani yake ikiuliza kama bado tupo.

Jambo kama hilo halifichiki. Siku ya pili alikuja jirani yetu aliyekuwa na mume Machakos. Siku ya tatu walikuja watano. Baada ya wiki palikuwa na foleni kutoka kwa nguzo mpaka kwenye rundo la mbao, wakikaa kivulini na vikaratasi vya namba mikononi. Walikuwa watu ambao kule vichochoroni walikuwa wameacha kusalimiana kwa sababu ya kabila. Hapa waliketi wameacha nafasi kati yao, kimya, wakitazama maji. Lakini mkono wa simu ulikuwa na sauti kubwa, na kila aliyeongea alisikika. Wakaongea lugha za kwao, na hata usipoijua lugha ulijua kinachoulizwa. Mmekula? Mlilala wapi? Mzee yuko? Niliona mtu akiinuka kumshikilia mwingine mkono wa simu kwa sababu mikono ya mwenzake ilikuwa inatetemeka, na siku mbili kabla ya hapo asingempa hata maji.

Kaka aligonga namba za watu wote. Kidole chake kilifanya sugu. Akigonga, watu walihesabu naye kimoyomoyo, midomo ikicheza, kama wanaosali rozari. Na mwenye laini alikuwa anasikiliza. Ukizoea ungemjua kwa pumzi yake, pumzi nyepesi yenye kimluzi kidogo. Mara nyingine aliingia. "Ongea polepole, mwanangu, hakusikii." Au, "Mwambie afunge hiyo dawa kwa kitambaa safi." Hakuna aliyeshtuka. Zilikuwa siku ambazo watu walikuwa wameona mambo mengi yasiyowezekana, na sauti ya bibi ndani ya waya, inayojua majina ya watoto wao, haikuwa jambo kubwa.

Kila siku ikikaribia saa nane, kaka alichomoa vibanio na watu wakangoja. Nyaya zilikaa pale juu, zimetulia kwenye jua, na sisi sote tukizitazama kama tunaweza kumwona binti akipita ndani yake.

Sasa nitasema la siku ile.

Palikuwa na seremala mmoja, mtu wa Magharibi, baba wa makamo, aliyekuwa amempeleka mkewe na mtoto nyumbani kwa likizo, kisha njia zikafungwa. Mtoto alikuwa wa kike, miaka sita. Alikuwa ameona kitu njiani, sijui nini, na tangu siku hiyo hakula. Walikuwa kwenye duka la mtu mwenye simu, na mama yake alikuwa amemletea sahani hapo hapo. Seremala alichukua mkono wa simu ikiwa bado dakika kumi kufika saa nane.

Hakumgombeza. Alimwuliza kuna nini kwenye sahani. Ugali na mboga, kumbe. "Basi vunja kidogo," alisema. "Kidogo kama kichwa cha msumari. Umevunja? Kitie mdomoni. Usitafune kwanza, kiache kilale." Tulisikia upande wa pili kimya kirefu, na ule mvumo wa mvua. "Sasa kiamshe. Tafuna. Baba pia anatafuna." Na kweli alitafuna, kinywa kitupu, macho amefumba, na pale kivulini nikaona watu wengine nao taya zinacheza.

Nilitoa simu yangu ya mkononi mfukoni. Saa nane na dakika tano. Kaka hakuwa na saa. Alikuwa anatazama jua, lakini siku hiyo kulikuwa na wingu. Nilitazama ile saa mpaka ikaandika dakika sita. Kisha nikairudisha mfukoni.

Yule mtoto alimaliza ugali saa nane na dakika ishirini na kitu.

Asubuhi iliyofuata mwenye laini alisema, "Jana hakupiga." Siku hiyo pia binti hakupiga, wala iliyofuata. Tulianza kuiacha laini tangu saa sita ili kusiwe na kosa, lakini haikusaidia. Bibi aliacha kuingilia mazungumzo ya watu. Kaka akibana waya tulisikia pumzi yake tu, na tukimwamkia aliitika kama mtu aliye chumba cha tatu. Sikumwambia kaka nilichokiona kwenye simu yangu. Nilishona kola. Nilishona nyingi mno, na nyingine nilizishona upande usiofaa nikazifumua, na kila sindano ilipoingia niliwaza kwamba binti alipiga saa nane na dakika kumi, akasikia laini ina mtu, akarudisha mkono wa simu mahali pake, akatoka nje.

Siku ya tano nilimwuliza, "Mama, tuache kuitumia?"

"Mkiacha," alisema, "nitakuwa nikisikiliza nini?"

Tukaendelea. Siku ya kumi, kaka alipobana waya, bibi ndiye aliyeanza kusema. Sauti ilikuwa ileile, lakini ilikuwa imesimama wima.

"Amefika," alisema. "Amelala chumbani. Alikuja na lori, juu ya viazi." Kisha, kwa sababu watu kwenye foleni walikuwa wameanza kuulizana, akasema kwa nguvu kidogo, "Waambie wote amefika." Niliwaambia. Yule jirani mwenye mume Machakos alipiga vigelegele kidogo, kisha akajiziba mdomo.

Mwisho wa Februari viongozi walishikana mikono, na siku chache baadaye mama alikuja Kawangware kwa miguu, na kofia yake ya sufu, amebeba furushi moja. Alikuwa amekonda. Nilimkumbatia mpaka akasema inatosha, mbavu zinauma. Alikagua sare zangu, akakuta kola moja imekaa vibaya, akaitenga. Kisha akasema, "Sasa nipelekeni kwa yule mama."

Kumbe wao walikuwa wamezoeana kuliko sisi. Hali ilipotulia kidogo, kila jioni mama alikuwa akipita kwa zahanati, na mlinzi alimpigia bibi. Walikuwa wameongea juu ya presha, waume waliokufa, na namna ya kuzuia vidukari kwenye sukuma.

Tulivuka kijito kwenye ubao. Nilikuwa nimejenga akilini nyumba ya ghorofa, yenye nguzo na mbwa. Ilikuwa nyumba ndogo ya zamani, ya mawe, na geti lililoliwa na kutu. Aliyefungua alikuwa bibi mfupi, sweta limefungwa vifungo kombo, miwani imeshikwa kwa uzi. Alitutazama mmoja mmoja. Aliponifikia alisema, "Sema kitu, nikujue."

"Hodi, mama," nilisema.

Akatabasamu, akanishika mkono, hakuuachia mpaka tulipofika ndani.

Simu ilikuwa kwenye ukumbi mwembamba, juu ya stuli, na kando yake kiti chenye mto uliobonyea. Hapo ndipo alipokuwa ameketi siku zote zile. Kaka alisimama mbele ya ile simu kama mtu aliyefika mbele ya daktari. Aliomba msamaha kwa niaba yetu, akasema hata malipo ya laini tutaona jinsi ya kuyatoa. Bibi alimwambia aketi.

Nami nikaona kwamba nisiposema hapo sitasema tena. Nilimwambia kuhusu saa nane na dakika tano. Nilimwambia niliona, nikairudisha simu mfukoni. Mama aligeuka akanitazama. Kaka pia. Kulikuwa na saa ya ukutani ikihesabu mambo yake.

"Nilijua," alisema bibi.

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya sweta, lakini hakuivaa. "Nilikuwa hapa. Saa yangu ni ile pale. Ningeweza kumwambia yule baba akate; ni laini yangu, na angekata. Nilishika mkono wa simu nikasema moyoni, akimaliza hiki kipande. Akamaliza. Nikasema, na hiki kingine." Aliinua mabega. "Wewe ulinyamaza kule, mimi nikanyamaza huku. Sasa utajilaumu peke yako kwa nini?"

Binti yake alitoka jikoni na birika la chai. Alikuwa mwanamke mrefu, nywele amezinyoa, na alikuwa anachechemea kidogo. Nilidhani hakutusikia. Alimimina vikombe vyote, akampa kila mtu, kisha akabaki amesimama na birika.

"Nilipiga siku ile," alisema. "Nilitaka kumwuliza mama kama niondoke au ningoje. Laini ilikuwa na mtu. Nikaamua mwenyewe. Nililala kituo cha polisi wiki nzima, kisha lori." Alikunywa chai yake hapo hapo, wima. "Kama ningempata angeniambia ningoje. Namjua. Na wenzangu waliongoja..." Baadaye akauliza, "Yule mtoto anakula siku hizi?"

Nilimwambia anakula. Baba yake alikuwa amepita kwetu wiki iliyotangulia kutuambia. Sasa hata mama yake anamficha sukari asiimalize.

Akaitikia kwa kichwa taratibu, akarudi jikoni.

Kaka hakuweza kuketi kwa muda mrefu. Alitoka kutazama mahali waya ulipoingia ukutani, akakuta umechubuka na unashikiliwa na kipande cha kitambaa, akarudi kuomba bisibisi. Mama na bibi walikuwa wamekwisha kutoka kwa mlango wa nyuma. Niliwaona kupitia dirishani, mama akiupima uwanja kwa hatua zake ndefu, bibi akimfuata na kuweka kijiti kila mama aliposimama, mahali pa kuanzia tuta.